Nne Isiyo na Mkia

"Sikusinzia," Tusekile alisema. "Waambie, dada. Nimeendesha kreni miaka yote hii na sijasinzia hata siku moja."

Alikuwa amekaa upande wa pili wa kioo cha mahabusu ya Ilolo Juu, mikono yake mipana ameilaza mezani kama vitu vya mtu mwingine. Dada yake Subilaga alikuwa ameleta chakula, askari wakakikataa mlangoni bila kueleza sababu, na hasira ya pale mlangoni ilikuwa bado inamchemka kifuani.

Wiki iliyopita, juu ya mnara wa upepo unaojengwa kaskazini ya jiji, Tusekile alikuwa ameinua mzigo wa nondo na kuuzungusha. Halafu dunia ikazimika. Alipozinduka alikuwa ameegemea kioo cha chumba chake kidogo cha juu, na chini watu walikuwa wakipiga kelele. Nondo zilikuwa zimewaangukia mafundi wawili, Mbwiga na Kajela. Wote wawili aliwajua. Mbwiga alikuwa akimletea uji wa asubuhi.

"Mpelelezi anasemaje?" Subilaga aliuliza.

"Anasema jirani yangu alinipa dozi yote, kwa hiyo nisisingizie ugonjwa. Ama nilisinzia, ama nilikunywa." Tusekile aligusa chini ya mfupa wa bega, pale palipokuwa na pampu ndogo iliyoshonewa ndani ya ngozi. Watu wazima waliopona homa ya chumvi wote walikuwa nayo, na wote waliiita jirani. "Kila akiingia ananisomea yale yale. Dozi iliyoagizwa, nne. Dozi iliyotolewa, ndani ya agizo."

"Nne nukta ngapi?"

"Nne."

"Nne nukta sufuri sufuri sufuri?"

"Dada, mimi na hesabu zako wapi na wapi? Kasema nne. Nne tu, basi."

Subilaga alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka nyuma yake. Askari aliyekuwa mlangoni akageuka.

"Nini?" Tusekile aliuliza. "Dada, nini?"

"Hakuna nne tu," Subilaga alisema. "Mimi ndiye ninayetunza mashine inayokokotoa dozi zenu. Haijawahi kusema nne tu."

*

Mashine yenyewe iliitwa Kifumbuzi, na ilikaa katika jengo la Taasisi ya Dozi, mwendo mfupi kutoka mahabusu. Subilaga alikwenda kwa miguu, akiwapita watu bila kuwasalimu.

Kifumbuzi hakikuanza na namba. Kilianza na herufi: herufi moja kwa chumvi ya damu, nyingine kwa uzito, nyingine kwa joto, nyingine kwa kazi ambayo moyo umefanya tangu jana. Mwili wa kila mtu ulikuwa mlinganyo wake peke yake, na kila alfajiri Kifumbuzi kiliufungua, kikaupunguza, kikauhamisha huku na huku kwa herufi tupu kama mwalimu wa aljebra ubaoni. Mwisho kabisa ndipo kiliweka vipimo vya siku hiyo mahali pa herufi na kutoa jibu. Kwa watu wenye jirani, jibu lilikuwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Siku zote.

Subilaga aliingiza vipimo vya Tusekile vya asubuhi ile ya ajali. Jibu likaja: 4.000.

"Haya," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa chumbani. "Sasa nani amekula sufuri zangu?"

Alilifuata jibu lile hatua kwa hatua, kutoka Kifumbuzi kuelekea kwenye pampu, na katikati ya njia akakikuta. Kilikuwa kijiprogramu kifupi, cha mistari michache, kimefungwa kwa muhuri wa Baraza linalosimamia Taasisi, ili mtu yeyote asikiguse. Aliyekiandika alikuwa amekipa jina Kinyozi. Kazi yake ilikuwa moja: kila namba yenye nukta iliyopita mbele yake, kilinyoa sufuri za mwisho. 3.407 ilipita ilivyo. 3.400 ikawa 3.4. Na 4.000 ikanyolewa mkia wote, hata nukta yenyewe, ikawa 4.

Kwa mwanafunzi wa shule hakuna tofauti yoyote. Lakini mashine za wakati ule ziliishi chini ya Sheria ya Tarakimu, na kwa sheria hiyo namba ilibeba ushahidi wake yenyewe. Ukiandika 4.000 umekula kiapo kwamba ni nne hasa, mpaka sehemu ya elfu. Ukiandika 4 umesema ni kama nne hivi, chochote kilicho karibu na nne kuliko tatu au tano. Na dawa ya homa ya chumvi ilikuwa adimu, kwa hiyo jirani alifundishwa ubahili. Akiambiwa kitu hasa, anatoa hasa. Akiambiwa kama hivi, anatoa kile cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na kilichobaki anakiweka akiba.

Subilaga alichukua pampu ya majaribio kutoka kabatini, akaiweka mezani. Akaipelekea 4.000. Mshale ukapanda ukasimama kwenye nne. Akaipelekea 4.

Mshale ukashuka taratibu mpaka tatu na nusu. Ndani ya agizo.

Alipiga meza kwa kiganja mpaka kikafa ganzi. Tatu na nusu kwa mwanamke anayehitaji nne, juu ya mnara, na mzigo wa chuma unaning'inia! Walionyolewa sufuri moja au mbili tu waliumwa kichwa na kusahau. Siku ambayo jibu lako lilitokea kuwa namba nzima ndiyo siku uliyozimika, na kesho yake jibu likabadilika, ukapona, na hakuna aliyejua kilichokupata.

Alikiuliza Kifumbuzi: leo ni kina nani wenye namba nzima? Yakaja majina machache. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye majina ya jana.

Alianza kupiga simu. Fundi bomba mmoja alikuwa amelala nyumbani, akashukuru. Wa pili, kijana wa kiwanda cha matofali, alimtukana akidhani ni tapeli. Wa tatu alikuwa dereva wa basi la shule.

"Uko wapi?" Subilaga aliuliza.

"Mteremko wa Kalobo, nawapeleka watoto. Nani mwenzangu?"

"Kichwa chako kikoje?"

"Kinazunguka tangu asubuhi. Umejuaje?"

"Simamisha gari. Simamisha sasa hivi, kaa chini, usiguse usukani mpaka nikwambie."

Alisikia breki, na watoto wakishangilia kwa kudhani wamefika. Alimweleza dereva ale nini na anywe nini, akakata simu. Jina la mwisho lilikuwa la mwanamke aliyejifungua karibuni, Sekela Mwalwisi. Simu yake iliita, ikaita, haikupokelewa.

Subilaga alipanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi.

*

Daktari Ambokile Kyando alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyependwa na wafanyakazi kwa sababu alikumbuka majina ya watoto wao. Alimsikiliza Subilaga mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafunga mlango.

"Kinyozi nilikiandika mimi," alisema.

"Basi kitoe."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Mdogo wangu yuko mahabusu, anaitwa muuaji, na wewe unaniambia nikae?"

Daktari Kyando alibaki amesimama pia. "Watoto wadogo hawawekewi jirani, unajua. Mfupa bado unakua. Wanachomwa sindano na manesi, na dozi yao inatoka kwenye Kifumbuzi hiki hiki kwa tarakimu moja baada ya nukta. Zamani, kabla hujaja hapa, ilitoka na sufuri yake. Tano nukta sufuri. Nesi mmoja, skrini imechubuka, nukta haionekani. Akasoma hamsini. Binti yangu aliitwa Atuganile. Alikuwa na miaka sita."

Subilaga hakujua habari hiyo. Hakuna aliyejua pale kazini.

"Baraza lilikaa," mkurugenzi aliendelea. "Likaamuru sufuri za mwisho zisitoke tena, na likapiga muhuri. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekufa hivyo. Hata mmoja. Nikirudisha mikia ya namba leo, itarudi kwa wote, kwa jirani na kwa manesi pia."

"Tenganisha. Watoto wanyolewe, wenye jirani waachwe. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Kwa kibali cha Baraza, ni kazi ya miezi."

"Basi kiombe! Ungekuwa umeshakiomba kama ungejua..." Aliuona uso wa mkurugenzi. "Ulijua."

"Wahandisi wa pampu waliniambia mwanzoni mwa masika."

"Masika ya mwaka huu?"

"Ya mwaka jana."

Mwaka mzima. Kila alfajiri mtu huyu mpole amekunywa chai akijua kwamba watu kadhaa jijini watatolewa chini ya haja yao, bila kuambiwa, na wengine watakuwa kwenye ngazi, kwenye usukani, kando ya moto.

"Ningekwenda Barazani wangeuliza kwa nini nimechelewa," alisema Daktari Kyando. "Wangefunga Taasisi kwa uchunguzi. Na habari ikivuja, watu watang'oa jirani zao. Unakumbuka uvumi ulioenea kule Mbuga? Waling'oa kwa visu vya jikoni. Walikufa wengi kuliko wanaozimika sasa."

"Na Tusekile?"

Hapo alishusha sauti. "Mimi ndiye shahidi wa kitaalamu wa kesi hiyo. Naweza kusema presha ilishuka ghafla, jambo lisilotabirika. Wiki ijayo anatoka, hana doa. Mwakani skrini mpya za manesi zitafika, tutakiondoa Kinyozi kimya kimya. Nakuomba kitu kimoja tu, usubiri."

"Wewe unaniomba nisubiri."

"Nakuomba kama mzazi."

"Usiniletee mtoto wako!" Subilaga alipiga kelele, na papo hapo akajichukia, lakini hakurudisha neno. "Mtoto wako alikufa kwa sababu mtu hakuona. Hawa unawaona. Kila siku unawaona kwa majina."

*

Alitamani mtu yule awe mwongo. Ingekuwa rahisi. Kwa hiyo mchana huo alikwenda kliniki ya Mwasanga, pembeni ya jiji, akaomba kuonyeshwa skrini ya dozi za watoto.

Nesi wa zamu, Hilda Luvanda, alimwongoza mpaka kwenye chumba cha sindano. Skrini ilikuwa ya zamani, kioo kimepauka kwa kufutwa na dawa. Namba ya kwanza Subilaga aliisoma thelathini na tano.

"Tatu nukta tano," nesi alisema. "Mimi nimezoea. Lakini anayekuja kunishikia zamu likizo yangu, namwombea Mungu. Angalau siku hizi zile za sufuri hazipo. Zile zilikuwa zinanitoa jasho. Thelathini na tano kwa mtoto mdogo unashtuka mwenyewe, lakini ishirini, thelathini, ni namba unazoziona kila siku kwa dawa nyingine. Mkono unavuta tu."

Kwa hiyo mkurugenzi alisema kweli. Subilaga alisimama mbele ya kioo kile kilichopauka akiwa na hasira isiyokuwa na mahali pa kwenda.

Nje kukawa na vurugu. Wanaume wawili waliingia wamembeba mwanamke kwenye shuka, na harufu ya nguo iliyoungua ikaingia pamoja nao. Mwanamke mmoja mzee alifuata nyuma akiwa na mtoto mchanga asiyedhurika, aliyekuwa akilia kwa njaa.

"Kaangukia jiko," mzee alisema. "Alikuwa anapika, hakupiga hata kelele, kaanguka kama gunia. Mwanangu hana kifafa, nesi. Hajawahi."

"Anaitwa nani?" Hilda aliuliza huku akikata nguo kwa mkasi.

"Sekela. Sekela Mwalwisi."

Subilaga aliegemea ukuta. Simu ya mwanamke yule ilikuwa imeita, na yeye alikuwa ameiacha akapanda ngazi kwenda kugombana. Alimtazama yule mama mzee akimbembeleza mjukuu, akamtazama nesi akimwaga maji juu ya mkono ulioiva. Hakukuwa na sauti ya majuto ndani yake, au kama ilikuwapo, hasira ilikuwa imeifunika. Alimsaidia Hilda kushika beseni mpaka gari la hospitali ya mkoa likaja.

*

Kulikuwa na njia moja. Ilimjia akiwa bado ameshika beseni, na ilikuwa rahisi mno.

Kinyozi hakiguswi, kina muhuri. Lakini Kinyozi hunyoa sufuri tu. Kama namba haiishii na sufuri, hakina cha kunyoa. Na Kifumbuzi chenyewe, kabla ya Kinyozi, kilikuwa mikononi mwa Subilaga. Kwa watu wenye jirani peke yao, angeweza kuandika mstari mmoja: jibu likiishia na sufuri, ongeza moja kwenye tarakimu ya mwisho. 4.000 ingekuwa 4.001. Mwili hauwezi kuhisi sehemu moja ya elfu ya dawa. Kinyozi kingeipita, jirani angeona tarakimu tatu, angetoa hasa. Watoto wasingeguswa. Kesho asubuhi hakuna ambaye angezimika.

Ila ingekuwa uongo. Namba ya kweli ni 4.000, na yeye angekuwa amekula kiapo cha 4.001. Sheria ya Tarakimu iliita jambo hilo kughushi, na haikujali udogo wake. Kila badiliko ndani ya Kifumbuzi lilibeba jina la aliyelifanya, na wakaguzi walilisoma kila asubuhi. Aliyeghushi alifungwa. Na kabla hata ya kufungwa alipoteza kitu kimoja: ushahidi wake juu ya namba yoyote, mbele ya mahakama yoyote, ulihesabiwa si kitu.

Kesi ya Tusekile ilikuwa wiki ijayo. Shahidi wake pekee alikuwa dada yake.

Alirudi mahabusu, akamweleza mdogo wake yote kupitia kile kioo. Kinyozi, mkurugenzi, lile pendekezo, Sekela, na ule mstari mmoja. Tusekile alisikiliza huku akimkazia macho.

"Kwa hiyo naweza kutoka," alisema.

"Unaweza. Kwa njia mbili. Nikubaliane na Kyando, nikae kimya mpaka mwakani. Au nimkatae, nije mahakamani na mikono safi, niseme ukweli. Lakini mpaka siku hiyo ya kesi, kila asubuhi..."

"Chagua yoyote. Nitoe."

"Tusekile."

"Nitoe, dada! Unajua wananiitaje humu? Unajua mke wa Mbwiga alikuja pale nje akapiga magoti kwenye lami akanilaani, na mimi nikamsikia kupitia dirishani? Mimi, niliyekuwa nakula uji wa mumewe?" Sauti yake ilipasuka. "Hao wa kila asubuhi ni kina nani kwako? Unawajua? Mimi ndiye uliyenibeba mgongoni. Mimi."

Muda wa kuona ndugu ukaisha, askari akaja, na Subilaga akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Alikwenda ofisini moja kwa moja, akakaa mbele ya Kifumbuzi, akaandika ule mstari. Chini yake, mahali pa sababu, ambapo wenzake huandika neno moja au mawili, aliandika: *Kinyozi kinawaangusha watu. Mkurugenzi anajua tangu masika ya mwaka jana. Nimeghushi kwa makusudi, na sitaufuta.* Akabonyeza.

Wakaguzi walimkuta asubuhi amekaa pale pale, anatazama majina ya wale ambao majibu yao yangekuwa namba nzima. Kila jibu lilikuwa na tarakimu ya moja mwishoni, na kila pampu ilikuwa imetoa dozi yote. Daktari Kyando alikuja akiwa amefuatana nao, shati halijafungwa vizuri.

"Umejiharibia," alimwambia kwa sauti ya huzuni ya kweli. "Na mdogo wako umemzika. Mimi sasa nitasema nini kwa ajili yake? Nikisema alizirai, watauliza kwa nini, na umeshaandika kwa nini."

"Utasema kilichotokea."

"Siwezi."

"Basi huna tofauti na ile skrini iliyoficha nukta," Subilaga alisema, akawanyooshea wakaguzi mikono.

*

Mahakama ilijaa. Wafanyakazi wa mnara walikaa upande mmoja na kofia zao za plastiki magotini. Upande wa pili, safu ya mbele, alikaa mjane wa Mbwiga, aliyejulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Ipyana. Tusekile alikuwa kizimbani. Subilaga aliletwa na askari wawili, na mdogo wake hakumwangalia.

Hakimu, mwanamama wa makamo aliyeitwa Tweve, alisoma jina lake, akavua miwani.

"Shahidi huyu ameghushi tarakimu na amekiri. Kisheria siwezi kumsikiliza juu ya namba."

"Mheshimiwa, sitasema namba," Subilaga alisema. "Nauliza swali tu. Kabla nne haijafika kwa jirani wa mshtakiwa, ilikuwa imeandikwaje?"

Wakili wa serikali aliruka juu. Hakimu alimwinulia mkono akae.

"Sheria inanikataza kupokea jibu lako," alimwambia Subilaga polepole. "Haijanikataza kulichukua swali lako nikamuuliza mtu mwingine. Daktari Kyando, wewe ni shahidi wa kitaalamu na upo chini ya kiapo. Nne hii ilikuwa imeandikwaje?"

Daktari Kyando alisimama. Alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi. "Mheshimiwa, ni suala la kiufundi, na madhara ya kulizungumza hadharani..."

"Nimeuliza ilivyoandikwa."

"Thamani yake ni ile ile. Nne ni nne."

"Sijauliza thamani."

Watu wakaanza kunong'ona. Mama Ipyana alisimama, mwanamke mdogo wa umbo, na alipofungua mdomo sauti ilijaza chumba chote.

"Mjibu hakimu! Mume wangu nimemzika kwenye jeneza lililopigwa misumari, sikuruhusiwa hata kumwona uso. Nimemlaani huyu msichana mchana na usiku. Kama nimemlaani bure, niambie sasa!"

Hakimu hakumnyamazisha.

"Nne," alisema Daktari Kyando. "Nne nukta sufuri. Sufuri. Sufuri."

"Na hizo sufuri zilikwenda wapi?" hakimu aliuliza.

"Nilizikata mimi. Na nilipojua zinachofanya, sikusema." Aligeuka, hakuzungumza tena na hakimu, alizungumza na mjane. "Nilikuwa na mtoto, mama. Mmoja. Alikufa kwa ajili ya sufuri."

"Mimi ninao watatu," Mama Ipyana alisema. "Baba yao yuko wapi?"

Daktari Kyando alibaki amesimama pale, mtu mrefu, mbele ya watu wote, mpaka karani alipomgusa bega akae.

Serikali iliondoa mashtaka mchana huo huo. Hakimu Tweve aliagiza muhuri wa Kinyozi ufunguliwe mbele ya Baraza kabla ya wiki kwisha, watoto na wenye jirani watenganishwe, na mkurugenzi asitoke nje ya jiji. Kuhusu Subilaga hakuwa na la kufanya. Kughushi ni kughushi. Kesi yake ingeanza mwezi ujao, na mpaka hapo angekaa ndani.

Walikutana kwenye ukumbi wa nje ya chumba cha mahakama, mmoja anatoka, mmoja anapelekwa. Askari wakawapa nafasi kidogo.

"Uliniacha," Tusekile alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile ungeniambia usoni. Ulikaa kimya kama mgeni, ukaondoka zako ukaenda kuniuza."

"Ningekuambia, ungekubali?"

"Nisingekubali! Ningekutukana. Lakini ningekuwa nimejua." Macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Yule daktari asingefungua mdomo, ningeoza humo. Ulicheza kamari na maisha yangu, dada. Usije ukajiambia kwamba ulijua atasema."

"Sikujua," Subilaga alisema. "Na ningerudia."

Hilo lilimpiga mdogo wake kama kofi. Walitazamana, wote wawili wamekasirika, wanafanana kuliko wakati mwingine wowote.

"Leo wameanguka wangapi?" Tusekile aliuliza mwishowe.

"Hakuna. Mstari wangu bado upo."

Tusekile aliitikia kwa kichwa mara moja, bila kulainika. Alipanga upya ukosi wa shati lake juu ya jirani, akapita. Kwenye ngazi za nje, peke yake juani, Mama Ipyana alikuwa amesimama anangoja. Subilaga alimwona mdogo wake akishuka kumwelekea, hatua nzito, mikono mitupu. Akajaribu kusimama aone. Askari wakamvuta kwa mlango wa pili.